"Mwoga" si "coward" kila mara: jibu kwa mtafsiri wa Kirumba

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri kwenda Kiingereza maelezo ya wavuvi wa Ziwa Victoria, wa Kirumba, Igombe na Ukerewe, kwa ajili ya ripoti ya usalama majini. Kuna mvuvi alikataa kuingia ziwani siku ya upepo mkali, wenzake wakamwita mwoga. Nikaandika "He is a coward man". Mhariri kairudisha, anasema sarufi ni mbovu na neno lenyewe ni kali mno. Kamusi inanipa coward, timid, afraid, craven, na upande wa pili brave, bold, courageous, daring, fearless, valiant. Nachaguaje? Na kinyume cha coward ni kipi hasa?

Jibu: Marahaba. Mhariri wako yuko sahihi kwa yote mawili. Sarufi tuimalize haraka, maana kazi kubwa iko kwenye maana.

"Coward" ni nomino, basi. Inataja mtu, kama tunavyosema mwizi au mlevi. Kwa hiyo ni "He is a coward", na wakiwa wengi "They are cowards". Ile "a" haidondoshwi. "He is coward" ni kosa linalorudi kila mwaka kwenye karatasi za mitihani. "Coward man" ni nomino mbili zilizogongana. Ukitaka sifa ya kuweka kabla ya jina, ipo "cowardly": "a cowardly man", "a cowardly act". Sasa hiyo -ly ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu darasani tunaambiwa -ly ni alama ya kielezi. Hapa ni kivumishi, sawa na "friendly". Ndiyo maana "He ran away cowardly" haikubaliki. Sema "He ran away like a coward", au "He behaved in a cowardly way". Ukitaka kulaumu kitendo zaidi ya mtu, mfumo ni huu: "It was cowardly of him to leave the others behind." Ni "of him", siyo "for him". Jina la tabia yenyewe ni "cowardice", na hutamkwa kama "kawadis", mkazo ukiwa mwanzoni. Mwisho wake si "daisi". "Cowardness" usiliandike, halitumiki.

Wapo wanaodhani neno hili limetokana na "cow", yule ng'ombe. Hapana. Limetoka Kifaransa cha kale, "couard", ambalo mzizi wake ni neno la Kilatini la mkia, "cauda". Sisi tunasema fulani kafyata mkia, na wao walianzia hapohapo. Lipo pia tendo "to cow", lenye asili nyingine kabisa, lenye maana ya kumtisha mtu mpaka akanywea: "The witnesses were cowed by threats." Mashahidi hao hawajaitwa waoga. Wametishwa tu. Tofauti hiyo ishike, tutaihitaji.

Sasa maana. Mwoga wa Kiswahili anabeba watu watatu. Wa kwanza ni mtu mwenye hofu sasa hivi, kwa jambo hili. Wa pili ni mtu aliyeumbwa hivyo, akisikia kishindo anaruka. Wa tatu ni yule aliyekuwa na wajibu akaukimbia, na wengine wakaumia au wakaachwa. Sisi tunawaita wote mwoga na muktadha unatuelewesha. Kiingereza kinawatenga, na "coward" kimeachiwa yule wa tatu peke yake. Ni neno la hukumu: ukimwita mtu "a coward" umeshamhukumu kuwa alipaswa kufanya jambo fulani na hakulifanya kwa ajili ya hofu.

Methali zetu zinaonyesha umbali uliopo. "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Mwoga hapa karudi nyumbani mzima na watu wake wanacheka. Kunguru kaokoa bawa. Ukitafsiri "the cowardly crow" umeivunja methali, maana msomaji wa Kiingereza hatarajii "cowardly" asifiwe. Andika "the wary crow", yule anayekaa macho, au "the timid crow" ukitaka kubakiza hofu yake bila kumlaani. Kiingereza nacho kina semi za kutetea uangalifu, lakini angalia jinsi zinavyokwepa neno "coward". Falstaff, mhusika katika tamthilia ya Shakespeare, anasema sehemu bora ya "valour" ni "discretion", yaani busara ya kujua lini usijitokeze. Na Falstaff anayasema hayo baada ya kujifanya maiti katikati ya vita, kwa hiyo hata utetezi huo umewekwa kinywani mwa mtu wa kuchekwa.

Kabla hujachagua neno, basi, jiulize mambo mawili. Je, mtu huyu alikuwa na wajibu alioukimbia? Na je, anayesema ni nani: wewe mwandishi wa ripoti, au mtu unayemnukuu? La pili ndilo lililokuangusha. Wenzake wakimwita mwoga kwa dharau, "The others called him a coward" ni tafsiri sahihi, kwa sababu hukumu ni yao. Lakini sentensi yako ilisema "He is", na hapo aliyehukumu ni ripoti. Kwa sauti yako mwenyewe mvuvi huyo ni "cautious" au "prudent", kwa sababu ziwa lilikuwa limechafuka na hakuna aliyekuwa anazama akimngoja. Hakukuwa na wajibu wa kukimbiwa.

Tuje kwenye hisia, kwa sababu humo ndimo makosa yamejaa. "Afraid", "scared" na "frightened" zote ni kuogopa, lakini hazikai mahali pamoja. "Afraid" haitangulii jina. Huwezi kuandika "an afraid fisherman". Lazima iwe "The fisherman was afraid", au ubadilishe iwe "a frightened fisherman". Kisha kuna viunganishi vyake. "Afraid of" hufuatwa na kitu au na tendo lenye -ing ambalo linaweza kukupata bila kutaka: "afraid of the waves", "afraid of drowning". "Afraid to" hufuatwa na tendo ambalo ungelifanya kwa hiari yako lakini hofu inakuzuia: "afraid to go out". Sentensi moja inazionyesha zote mbili: "He was afraid to go out because he was afraid of drowning." Ukisema "afraid to drown", umesema kuzama ni kazi aliyopangiwa nayo anaikwepa. Na "afraid from" haipo, ingawa tunasukumwa huko na ile "kutoka" inayotujia kichwani.

Halafu "I'm afraid" mwanzoni mwa sentensi mara nyingi si hofu hata kidogo. "I'm afraid the boat has left" ni adabu ya kutoa habari mbaya: samahani, chombo kimeshaondoka. Nimeona ikitafsiriwa "naogopa chombo kimeondoka", na msomaji akabaki anajiuliza kilichomwogopesha ni nini.

Jihadhari na jozi hii pia: "scared" ni aliyeogopa, "scary" ni kinachoogopesha. Kijana akisema "I am scary" ametangaza kwamba yeye ni wa kutisha. "Fearful" ina pande zote mbili, huweza kuwa mwenye hofu au kitu cha kuhofisha, kwa hiyo kwenye ripoti iepuke. "Fearsome" ni kile kinachotisha tu. Na kumwogopa Mungu hakuna uhusiano na haya yote. Mcha Mungu ni "God-fearing", na hilo ni sifa njema.

Kwa yule wa pili, aliyeumbwa hivyo, neno ni "timid". Mzizi wake ni tendo la Kilatini la kuogopa, uleule uliozaa "intimidate", kutisha. Mtoto anaweza kuwa "timid", swala ni "timid", hata pendekezo la bajeti lisilothubutu kugusa tatizo huitwa "a timid proposal". Halina laana. Nomino yake ni "timidity". "Timorous" ni ndugu yake wa vitabuni, mwachie washairi. Na usichanganye "timid" na "shy". "Shy" ni mwenye haya, anayeona aibu mbele za watu. Mvuvi anaweza kuwa "shy" kwenye mkutano wa kijiji na akawa simba usiku wa dhoruba.

Sasa turudi kwa "coward" na jamaa zake wakali, maana ukiyajua uzito wake hutayamwaga ovyo. Nyuma ya "cowardice" kuna mahakama ya kijeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilikuwa na adhabu ya kifo kwa makosa kadhaa, na "cowardice" lilikuwa mojawapo. Mwaka 2006 Bunge la Uingereza lilitoa msamaha kwa wanajeshi 306 wa Uingereza na himaya yake waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika vita hivyo. Wengi walihukumiwa kwa kutoroka. Waliohukumiwa kwa kosa lililoitwa woga hasa walikuwa 18. Wengine, kwa macho ya leo, walikuwa wagonjwa wa mshtuko wa mabomu. Mitaani nako, kuanzia Agosti 1914, kulikuwa na kampeni ya wanawake kuwapa manyoya meupe wanaume wasiovaa sare. Unyoya mweupe ulitoka kwenye mapigano ya majogoo: jogoo mwenye unyoya mweupe mkiani alihesabiwa si wa mbegu safi ya kupigana. Mpaka leo "to show the white feather" ni kuonyesha woga. Msomaji wa Kiingereza mwenye umri mkubwa kidogo anayasikia yote hayo ndani ya "accused of cowardice". Wewe ulikuwa unasimulia habari za upepo wa asubuhi Kirumba.

"Craven" ni kali zaidi, na ni ya maandishi. Inakaa kwenye tahariri za magazeti: "a craven surrender", kusalimu amri kwa aibu. Kwenye mazungumzo ya mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, itasikika kama mtu aliyevaa suti kupara samaki. "Pusillanimous" ndiyo usiiguse kabisa, ingawa ina jambo la kuvutia: imejengwa kwa maneno ya Kilatini yenye maana ya roho ndogo mno. Kwa ujenzi, kinyume chake ni "magnanimous", roho kubwa. Lakini "magnanimous" ya leo ni mkarimu wa moyo, anayemsamehe aliyeshindwa. Haina tena habari ya ushujaa. Mwanafunzi anayetafuta vinyume kwa kukata maneno vipandevipande huumia hapo. Ataumia tena kwa "dastardly", ambayo zamani ilikuwa ya woga na leo watu wengi wanaisikia kama ya kiovu na ya hila. Rais Roosevelt alipolihutubia Bunge la Marekani tarehe 8 Desemba 1941 kuhusu shambulio la Japani huko Pearl Harbor, aliliita shambulio lile "dastardly". Kulitafsiri "la woga" ni kupunguza nusu ya ghadhabu yake. "La kihaini" au "la hila" linakaribia zaidi.

Hapo utaona kwa nini wanasiasa wanaozungumza Kiingereza wakilaani mlipuko wa bomu husema "a cowardly attack", ingawa aliyejilipua hakuonyesha hofu. Wanamaanisha amewapiga wasioweza kujitetea. Kwa Kiswahili tungesema shambulio la kinyama, au la kuvizia. Usilazimishe woga uingie.

Lugha ya mwaloni ina maneno mepesi zaidi, nayo utayahitaji, kwa kuwa wavuvi hawasemi kama tahariri. "Chicken" ni utani wa watoto na vijana: "Don't be chicken." Hapo halina "a" kwa sababu linafanya kazi ya kivumishi. "To chicken out" ni kujitoa dakika ya mwisho kwa hofu, na lina sharti: awe alishakubali. Mafuta yameshatiwa, taa za dagaa zimeshapakiwa, halafu mtu anasema sijisikii vizuri. Huyo "chickened out", au kwa lugha isiyo na kejeli sana, "got cold feet". Kama tangu asubuhi alisema siendi, hakuna alichojitoa. "He refused to go" inatosha, na ndiyo haki yake.

Kisha viungo vya mwili. Kiswahili kimeuweka ujasiri moyoni. Kiingereza kimeutawanya. Asiye na uti wa mgongo, "spineless", ni kiongozi asiyeweza kusimamia neno lake; linafaa kwa mwenyekiti wa kijiji anayejua makokoro, zile nyavu haramu, yanavutwa usiku na ananyamaza, halifai kwa mtu anayeogopa mawimbi. "Lily-livered", mwenye ini jeupe, limetoka enzi ambazo ini lilidhaniwa kuwa chemchemi ya ujasiri, na ini lisilo na damu likawa ini la mwoga. Shakespeare alilitumia, leo ni la kuchekesha tu. "To lose one's nerve" ni kuishiwa ujasiri katikati ya jambo, lakini "to have a nerve" ni kukosa haya. "What a nerve!" ni mshangao wa "jamani, huyu hana hata aibu!"

Na matumbo. "Guts" ni ujasiri, "gutless" ni asiye nao, "gutsy" ni mwenye nao tele. Kwako wewe unayeandika habari za samaki hapa kuna shimo. Sangara aliyepasuliwa akatolewa matumbo ni "gutted fish". Ukiandika "gutless fish" umesema samaki huyo ni mwoga. Na Mwingereza akikuambia "I was gutted" hajafanyiwa upasuaji. Amekata tamaa, labda timu yake imefungwa.

Swali lako la pili, kinyume cha coward. Shakespeare aliwapambanisha "cowards" na "the valiant" katika ule mstari wa Kaizari, kwenye tamthilia yenye jina lake, usemao waoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chao. Tamthilia hiyo tunayo kwa Kiswahili kwa mkono wa Mwalimu Nyerere tangu 1963. Lakini leo hakuna anayemwita jirani yake "valiant". Kinyume hutegemea ni mwoga yupi kati ya wale watatu. "Timid" inapingwa na "bold". "Cowardly" inapingwa na "brave", na "cowardice" na "courage" au "bravery". "Fearful" inapingwa na "fearless". Kwa nomino "a coward", neno la kila siku la upande wa pili ni "a hero", ingawa hazilingani uzito: mtu anaweza kuishi miaka themanini asiwe lolote kati ya hayo.

Tofauti kubwa ni kati ya "brave" na "fearless". "Brave" ana hofu na anaishinda. "Fearless" hana hofu, au haionekani. Mtoto anayekunja uso na kuvumilia sindano zahanati huambiwa "What a brave boy!" Haambiwi "fearless", kwa sababu kila mtu ameona alivyotetemeka. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Neno lao ni "brave". Kuandika "fearless fishermen" kunasikika kama bango la sinema, na kunawapunguzia: kama hawakuogopa, walishinda nini? "Brave" pia ni tendo, na litakufaa sana kwenye ripoti: "They braved the waves to reach the plane."

"Courageous" ni la heshima zaidi na huelekea kwenye uamuzi na dhamiri. Mama mchuuzi wa dagaa anayesimama kwenye mkutano na kutaja wanaotumia nyavu haramu, akijua kesho atakosa wa kumuuzia mzigo, "That was courageous". Mzizi wake ni moyo, na hapa Kiswahili kinakutafutia maneno bila shida: "encourage" ni kutia moyo, "discourage" ni kuvunja moyo, "take heart" ni jipe moyo. Tamka "karij" kwa "courage", lakini "courageous" mkazo unahamia katikati, "kareijas". Onyo dogo: Mwingereza akikuambia mpango wako ni "very brave" au "courageous" huku akitabasamu, anaweza kuwa anasema kwa adabu kwamba umepotea njia.

"Bold" ni la kuthubutu mbele za watu, na si lazima kuwe na hatari ya mwili: "a bold plan", "a bold step". Likizidi linakuwa utovu wa adabu. "Daring" linapenda hatari yenye mchezo ndani yake, nalo halijali wema: "a daring rescue" na "a daring robbery" zote zinasemwa, na mwizi anayeiba mchana kweupe analistahili. Tendo lake "dare" ndiyo thubutu yetu, hata kwa hasira: "How dare you!" ni unathubutuje. Kwa kukanusha andika "He didn't dare to go out" au "He dared not go out". Usiandike "He was not daring to go".

"Valour" limebaki mali ya wanajeshi. Nishani ya Victoria Cross, iliyoanzishwa 1856, imeandikwa "For Valour". Malkia huyohuyo Victoria ndiye mpelelezi Mwingereza Speke alilipa ziwa letu jina lake alipolifikia Mwanza Agosti 1858. "Gallantry" nalo ni la nishani, na lina maana ya pili ya uungwana kwa wanawake. "Valiant" mara nyingi huambatana na juhudi zisizofanikiwa: "despite valiant efforts" ni dalili kwamba mtu hakuokolewa. Usiiweke kwenye uokoaji uliofaulu. "Intrepid" ni la wasafiri, na vitabu vya Kiingereza vililimwaga juu ya wapelelezi wa karne ya 19. Wapagazi waliobeba mizigo kutoka pwani mpaka huku hawakugawiwa neno. "Plucky" ni la kusifu mdogo anayepambana na mkubwa. Linaonekana la upendo lakini linadogosha. Mgeni akiandika "the plucky fishermen of Lake Victoria", mwambie alifute.

Usisahau pia kwamba "coward" ana kinyume kingine upande wa pili wa "brave". Mwanafalsafa Aristotle aliuweka ujasiri katikati: huku woga, kule kujitupa bila kufikiri. Kwa Kiingereza wa kule ni "reckless", asiyejali madhara, "rash", anayekurupuka, na "foolhardy", anayejiona shujaa kumbe mjinga. Wale waliomcheka mwenzao wakaingia ziwani bila jaketi okozi, kwa sauti ya ripoti hawako "brave". Wako "reckless". Na kama kabla ya kuingia walipiga kitu kwanza ili kupata roho, Kiingereza kina jina: "Dutch courage", ujasiri wa chupa. Majigambo yao ya mwaloni ni "bravado", ambayo si "bravery" ila inaiigiza.

Kutoka upande wetu, maneno manne hukupotosha. Hodari si "brave" siku zote. "Mwanafunzi hodari" ni "a bright student" au "a hardworking student", na fundi hodari ni "skilled". Shujaa ni nomino, "a hero", kwa hiyo "wanawake mashujaa" ni "heroic women", au "heroines" peke yake. Mshupavu ni "resolute" ukimsifu na "stubborn" ukimlaumu, kwa hiyo soma sauti ya msemaji. Na mjasiriamali ni "entrepreneur". Nimeshaona "brave businessman", na nadhani aliyeandika alijua neno limetoka wapi ila hakujua limefika wapi.

Basi sentensi zako. Ile ya kwanza iwe: "He refused to go out because of the strong wind, and the others called him a coward." Kama maelezo yanaonyesha walikuwa wanataniana, ibadilishe mwisho: "and the others teased him for being scared." Mkewe akisema "mume wangu ni mwoga wa maji", hamtukani, ni "My husband is afraid of water", au "nervous on the water" kama hupanda chombo lakini hatulii. Mzee akisema "vijana wa siku hizi waoga", usikimbilie "cowards" kabla hujajua anazungumzia nini: kama ni kazi ngumu, anamaanisha wavivu. Kijana akisema "niliogopa nikamwacha mwenzangu kwenye maji", hapo pekee ndipo "I was a coward" lingeweza kusimama, kwa sababu wajibu ulikuwepo na anayehukumu ni yeye mwenyewe. Hata hapo, alichosema ni "niliogopa". Andika "I was scared and I left him in the water", umpe msomaji tendo, na hilo neno lingine usimtilie kinywani.

Kama mhariri wako anafuata tahajia ya Uingereza, "valour" ina u; akifuata ya Marekani ni "valor". Lakini "valorous" haina u huko kote.